Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Somo la Kunyonyesha Hutolewa Kabla ya Hofu Kufika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya; Katibu Mkuu; Mganga Mkuu wa Serikali; Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga; na uongozi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania.



Maziwa mengi hayatoki siku ya kujifungua. Kinachotoka siku hiyo ni dang'a, matone mazito ya njano ambayo kwa mnyonyo mmoja huenda yakajaza kijiko cha chai tu, na kwa mtoto mchanga hicho ndicho kiasi chake. Matiti huanza kujaa kati ya siku ya 2 na ya 4. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, aliyepoteza damu nyingi, au mwenye uzazi wa kwanza, huweza kuchelewa zaidi. Siku hizohizo mtoto hupungua uzito, kwa kawaida si zaidi ya asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa kuzaliwa, kisha huurudisha katika muda wa wiki 2 hivi. Hulia usiku, hutaka titi kila baada ya muda mfupi, husinzia kifuani na kuamka tena kudai. Hayo ni ya kawaida, lakini mzazi ambaye hakuambiwa huyapa maana moja tu: maziwa hayatoshi.

Sasa itazamwe ratiba ya huduma. Mzazi aliyejifungua salama huruhusiwa kwenda nyumbani ndani ya saa 24, na wodi ikijaa huondoka mapema zaidi. Hudhurio kubwa linalofuata ni siku ya 7, kisha siku ya 28 na ya 42. Shirika la Afya Duniani hushauri mzazi na mtoto waonwe pia kati ya saa 48 na 72 tangu kujifungua. Kwa wanawake wengi wa Tanzania mkutano huo haupo. Kwa hiyo kipindi cha matiti kujaa, chuchu kuchubuka na mtoto kupungua uzito hupita bila mtaalamu. Wanaokuwepo ni mama mkwe, shangazi, jirani na mwenye duka la mtaani aliyepanga makopo ya maziwa kwenye rafu. Lawama ya barua hii ni hiyo kwanza kabla ya nyingine zote: elimu ya unyonyeshaji hutolewa mapema mno au kwa kuchelewa, na hofu hupita katikati.

Haki itendeke katika hesabu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi 6 wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee, kutoka 59 mwaka 2015-16. Katika kipindi hicho wanaojifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hayo ni mafanikio ya Wizara, na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini wastani wa miezi 6 huficha mteremko ulio ndani yake. Takwimu za 2015-16 zilionyesha kwamba watoto walionyonya maziwa pekee walikuwa asilimia 84 katika umri wa mwezi 0 hadi 1, na 27 tu katika umri wa miezi 4 hadi 5. Akina mama hao waliianza safari, wakaishia njiani. Hoja zifuatazo zinaeleza kwa nini, na Wizara inaombwa nini.

1. Somo la asubuhi kliniki hufundisha amri, halifundishi kutambua. Kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, kabla mzani haujaanza kazi, muuguzi husimama na kueleza: mtoto anyonye ndani ya saa 1 tangu kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 bila hata maji, kisha aanzishiwe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kila neno hapo ni sahihi. Lakini mama aliyekaa benchi la nyuma ana swali jingine, ambalo pengine ataona haya kuliuliza mbele ya watu arobaini: atajuaje kama mtoto ameshiba? Titi halina alama za mililita.

Majibu yapo, na ni mepesi kuliko amri. Kuanzia siku ya 5 hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo mwepesi usio na rangi kali. Choo chake cheusi cha siku za mwanzo kinakuwa kimegeuka cha njano. Anaponyonya husikika akimeza. Uzito wake hurudi, kisha mstari kwenye kadi hupanda. Kwa upande mwingine zipo dalili zinazoaminiwa na karibu kila mtu ambazo hazithibitishi lolote: mtoto kulia, titi kuwa laini baada ya wiki za mwanzo, maziwa kutochuruzika yenyewe, kukamua na kupata kidogo, mtoto kutaka titi mara 8 hadi 12 kwa siku. Kilio chenyewe kina kawaida yake. Huongezeka tangu wiki ya 2, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua, awe mtoto wa titi au wa chupa. Mama asiyejua hili huhesabu kila kilio kuwa deni lake.

Hatari yake iko katika namna titi linavyofanya kazi. Maziwa hutengenezwa kulingana na yanavyotolewa. Mtoto akinyonya, hasa usiku, homoni ya prolaktini hupanda na kuamuru utengenezaji. Titi likiachwa limejaa, utengenezaji hupunguzwa. Mtoto akipewa uji au maziwa ya kopo hushiba, huliacha titi, na titi hupunguza. Bibi akisema maziwa yamekatika, uji ukapikwa, baada ya siku chache titi hukubaliana naye. Kila mtu nyumbani huondoka na ushahidi kwamba bibi alikuwa sahihi, na uzazi unaofuata uji hupikwa mapema zaidi.

Wapo pia wanawake ambao kweli hawana maziwa ya kutosha: waliotokwa na damu nyingi mno, waliobakiwa na vipande vya kondo la nyuma, wenye matatizo ya tezi la shingo, waliofanyiwa upasuaji wa matiti. Ni wachache, lakini wapo, na kumwambia mmoja wao asiwe na wasiwasi ni uzembe. Kutuliza hofu kunakofaa huja baada ya kupima mtoto na kutazama anavyonyonya. Mtoto mlegevu, asiyekojoa, mwenye homa, aliyegeuka manjano mwili mzima au anayeshindwa kunyonya anapaswa kurudishwa kituoni siku hiyohiyo, na hilo nalo mama alijue kabla hajaondoka.

Maombi hapa ni mawili. Kadi ya kliniki iwe na ukurasa mmoja wa michoro wenye dalili za kushiba upande mmoja na dalili za hatari upande wa pili, kwa maneno ya mtaani. Na pasiwepo mzazi anayepewa ruhusa kabla mkunga hajatazama walau mnyonyo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinukia nje, weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu kuliko chini. Chuchu nyingi zinazochanika hutokana na mtoto kushika ncha tu, na dakika 10 za kumpakata upya huokoa wiki nzima ya maumivu.

2. Siku ya 3 haina mwenyewe. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikia wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Hakuna chombo kinachofaa zaidi kwa pengo hili. Mhudumu anaishi kitongoji kilekile, anafahamu nyumba ilipo na anajua nani amejifungua kabla kituo hakijajua.

Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali. Utafiti wa PROMISE-EBF, uliochapishwa 2011, ulifanyika Burkina Faso, Uganda na Afrika Kusini. Wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi walipangiwa kumtembelea mama mara 1 akiwa mjamzito na mara 4 baada ya kujifungua, ziara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki ya kwanza. Mbale, mashariki mwa Uganda, mtoto alipofikisha wiki 12, asilimia 82 ya waliotembelewa walikuwa wakinyonyesha maziwa pekee. Wasiotembelewa walikuwa 44. Burkina Faso ilikuwa 79 dhidi ya 35. Afrika Kusini ilikuwa 10 dhidi ya 6 tu, na jambo hilo lisifichwe, kwa maana linaonyesha kwamba ziara si dawa ya kila mahali. Ila vijiji vya Mbale vinafanana zaidi na vya Kagera au Mara kuliko na mitaa ya Afrika Kusini.

Wizara inaombwa iandike ziara ya saa 48 hadi 72 katika majukumu ya mhudumu, kwa maandishi, pamoja na posho yake. Pale ambapo mhudumu hayupo, simu moja kutoka kituoni ifanye kazi hiyo. Maswali ni matatu: mtoto amekojoa mara ngapi tangu jana, titi linauma wapi, na nani amependekeza apewe kitu kingine. Jibu la swali la tatu ndilo litakaloonyesha ziara ya pili ielekezwe kwa nani.

3. Lawama humwangukia mama. Mtoto asipoongezeka uzito, mama husemwa mbele ya mabenchi: humlishi, umechelewa, umezaa haraka. Mtaani husemwa zaidi. Imani ya kubemenda, kwamba mtoto hudhoofika kwa sababu wazazi wamekutana au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, bado inatembea mijini na vijijini, na humfanya mama mwenye mtoto mdogo kuliko kadi inavyotaka aikwepe kliniki badala ya kuikimbilia. Anaogopa mzani kwa sababu mzani utatoa siri ambayo hana. Mhudumu wa afya anapomkaripia hadharani, anakuwa amethibitisha kwamba kuna kosa la kuungama.

Kuna sababu ya kimwili pia ya kuacha ukali. Maziwa hutoka kwa msukumo wa homoni ya oksitosini, na mfadhaiko mkali au maumivu huweza kuuchelewesha msukumo huo kwa muda. Maziwa hayakauki kwa sababu ya wasiwasi, kama inavyosemwa ovyo, lakini hutoka kwa shida, mtoto hukasirika, na wasiwasi huongezeka. Mama akitulizwa, akipewa kiti na kumgusanisha mtoto ngozi kwa ngozi, mara nyingi msukumo hurudi.

Zaidi ya wasiwasi kuna ugonjwa. Kulialia kwa siku chache baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi na huisha kwenyewe katika wiki 2 hivi. Sonona haiishi hivyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mzazi 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Kliniki zina mzani wa mtoto na kipimo cha shinikizo la damu la mama. Mara chache mno huwa na swali kuhusu usingizi wake, hamu yake ya kula, au kama amewahi kufikiri kujidhuru. Maswali hayo yaingizwe kwenye mahudhurio ya siku ya 7 na ya 42, na kila wilaya itaje wazi mahali pa kumpeleka atakayejibu ndiyo.

4. Anayefundishwa siye anayeamua. Katika siku arobaini za uzazi, nyumba nyingi za Kitanzania humkabidhi mzazi kwa mwanamke mkubwa: humkanda kwa maji ya moto, humpikia mtori au uji wa pilipili manga, humwogesha mtoto. Huduma hiyo ni neema, na kuna nchi tajiri ambazo wazazi wake wangeitamani. Mwanamke huyohuyo ndiye anayeamua mtoto ana kiu au ana chango, na ndiye anayeleta maji ya uvuguvugu, maji ya sukari au dawa ya chango ya dukani. Anafanya hivyo kwa upendo na kwa uzoefu wa watoto sita. Hajawahi kualikwa kliniki.

Mwalikeni. Aambiwe kwa heshima, kama mkubwa, kwamba maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, kwa hiyo hata kwenye joto la Dar es Salaam la Februari mtoto anayenyonya atakavyo hana kiu isiyozimwa na titi. Aambiwe kwamba kazi yake ya kumlisha na kumpumzisha mzazi ndiyo inayolisha mtoto. Baba naye aelezwe kwamba kubeba mtoto usiku baada ya kunyonya si kazi ya kike. Hudhurio moja la wajawazito karibu na mwezi wa 8 litengwe kwa ajili ya mjamzito na atakayemuuguza.

5. Mama anayeishi na VVU bado anapewa maneno mawili yanayopingana. Kabla ya dawa za ARV kuenea, utafiti uliofanyika Durban na kuchapishwa 1999 ulionyesha kwamba watoto waliopewa maziwa ya mama pekee waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa na vyakula vingine. Leo mama anayetumia dawa zake vizuri na virusi vikafubaa ana uwezekano mdogo sana wa kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unamruhusu kuendelea hadi miezi 24 au zaidi huku akitumia dawa. Hata hivyo mabango ya zamani na kumbukumbu za zamani za watumishi hazijafa. Mama anayesikia nyonyesha kwa nesi mmoja na acha kwa mwingine huishia kuchanganya, njia ambayo utafiti wa Durban uliiona kuwa mbaya zaidi. Mabango hayo yaondolewe, na jibu la kituo kizima liwe moja, kuanzia kwa daktari hadi mlinzi wa geti.

6. Kuhusu maziwa ya kopo, Wizara ina sheria upande mmoja na ukimya upande wa pili. Kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa maziwa mbadala ilipitishwa 1981, na Tanzania ina kanuni zake za 2013. Mwaka 2019 usimamizi wa vyakula ulihamia Shirika la Viwango Tanzania. Tangu hapo muuguzi anayeona kalenda ya kampuni ukutani, au sampuli za bure wodini, hana uhakika amwandikie nani. Itangazwe ofisi moja na namba moja ya simu, na ibandikwe kila wodi ya wazazi.

Ukimya ni mbaya kuliko sheria kulegea. Yupo mtoto aliyefiwa na mama. Yupo njiti ambaye mama yake amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Yupo mama ambaye kwa sababu zake ameamua hivyo. Kwa kuogopa kuonekana wanalitangaza kopo, watumishi wengi hawasemi lolote, na mlezi huenda kujifunza dukani. Huko hupimwa vijiko vichache ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Huko hakuna anayejua kwamba unga wa kopo si safi kabisa kwa vijidudu, kwamba maji yachemshwe na kutumika kabla hayajapoa chini ya nyuzi 70, kwamba kikombe husafishika vizuri kuliko chupa, na kwamba maziwa yaliyokaa saa 2 baada ya kutengenezwa yamwagwe. Somo hilo litolewe faraghani kwa mwenye kulihitaji tu, lakini litolewe.

7. Siku 84 hazifiki miezi 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kubadilisha siku hizo ni kazi ya wizara nyingine na Bunge. Lakini chanjo ya wiki ya 10 humleta mama kliniki zikiwa zimebaki siku 14 tu kabla likizo haijaisha. Hapo ndipo pa kumfundisha kukamua kwa mkono, kuhifadhi katika chombo safi chenye mfuniko, na kumlisha mtoto kwa kikombe. Hapo pia apewe barua fupi ya kituo inayonukuu kifungu cha saa 2, maana waajiri wengi hawajakisoma na wengine wanajifanya hawajakisoma.

Muda wa maziwa kukaa nje ya friji nao unahitaji kauli ya Wizara. Miongozo inatofautiana, mmoja ukisema saa 4 na mwingine 8, na joto la Tanga haliko sawa na la Njombe. Itolewe kauli moja kwa maeneo ya joto na moja kwa ya baridi. Mama lishe, mchuuzi wa sokoni na mkulima, ambao ndio wengi, hawana likizo kabisa. Kwao aulizwe afisa maendeleo ya jamii kama soko jipya linalojengwa lina chumba chenye kiti.

8. Somo zito zaidi la ulishaji limeangukia pale ambapo hakuna sindano. Chanjo za mwanzo huisha wiki ya 14, na ya surua na rubela ni mwezi wa 9. Katikati yake kuna mwezi wa 6, mtoto anapoanza kula, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapokwisha, na wengi hawaoni sababu ya kupanga foleni kwa ajili ya mzani tu. Mama huachiwa kubuni, na aghalabu hubuni uji mwepesi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji karibu kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa. Tumbo lake dogo likijazwa uji unaomiminika kama chai, hushiba maji.

Hapo huingia uji wa lishe, ambao umepata heshima isiyolingana na kazi yake. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano vikisagwa pamoja bado ni wanga wa majina matano. Karanga huongeza protini na mafuta, lakini karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, na unga uliokwisha kusagwa hauonyeshi punje iliyooza. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliwapata watu 68 Dodoma na Manyara, 20 kati yao wakafariki. Yai moja, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa na mboga ya majani iliyokatwa ndogo ndani ya ugali laini humfaa mtoto kuliko mfuko wenye picha ya mtoto mnene. Milo iwe 2 hadi 3 kwa siku kwa umri wa miezi 6 hadi 8, na 3 hadi 4 baada ya hapo, mizito kiasi cha kutomwagika kwenye kijiko.

Anayedhani tatizo ni uhaba wa chakula aiangalie ramani. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50 kila mmoja. Hiyo ni mikoa inayolisha mingine. Wizara inaombwa hudhurio la mwezi wa 6 lenye jina na nafasi yake kwenye kadi, lifungwe pamoja na matone ya vitamini A, na siku hiyo mama apike kwa vitendo kwa kile kilichopo sokoni kwake. Kupika mbele ya macho kunaweza kufanywa chini ya mwembe wa zahanati kwa sufuria moja.

9. Kinachohesabiwa ni mahudhurio. Vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu za huduma za kituo, huonyesha mama alifika na mtoto alipimwa. Kama kuna mtu aliyetazama mtoto akinyonya, kama mama aliulizwa kinachomtia hofu, hilo halina safu. Ziongezwe safu 3 tu: mnyonyo umetazamwa kabla ya ruhusa, mzazi amefikiwa kati ya saa 48 na 72, mama amehudhuria mwezi wa 6. Muuguzi mmoja mwenye wodi ya wazazi ishirini asibebeshwe kazi hii bila mkono wa pili. Hospitali za wilaya zianze na mshauri mmoja wa unyonyeshaji wa muda wote, anayehesabiwa katika ikama na asiyeitwa kuziba pengo la chumba cha sindano.

Ukubwa wa jambo lenyewe umekwisha kupimwa. Makala za jarida la Lancet za 2016 zilikadiria kwamba unyonyeshaji ukifikia kiwango cha karibu kila mtoto, vifo 823,000 vya watoto vingeepukwa duniani kila mwaka, pamoja na vifo 20,000 vya wanawake kwa saratani ya matiti. Sehemu kubwa ya vifo hivyo vya watoto ni ya nchi zenye kipato kama cha Tanzania.

Wizara inaombwa kujibu hadharani kabla ya Wiki ya Unyonyeshaji ijayo, tarehe 1 hadi 7 Agosti, ikieleza ni ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani, na bajeti ya ziara ya siku ya 3 itatoka fungu lipi.

Nakala: Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Shirika la Viwango Tanzania, waganga wakuu wa mikoa na wilaya.